Moteri Ambayo Haikuwahi Kuwepo

Kavira mwanangu,

Begi lako liko mlangoni na wewe umetoka kuaga wenzako wa kwaya. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu. Sitakuandikia habari za sweta, maana baridi ya Butembo unaijua. Sitakuandikia pia habari za dawa wala za watu wa kuepuka mpakani mtakapozungukia Uganda. Hayo nimeyasema hadi umeanza kuniitikia "ndiyo mama" kabla sijafika katikati ya sentensi. Haya ya leo sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Nimeona niyaandike kwa sababu nikikutazama usoni nitageuza maneno, nitakuuliza kama umekula.

Nina haya, mwanangu. Nakuambia mapema ili usije ukadhani barua hii inaelekea kwenye sifa zangu.

Unakumbuka Jumapili Parrain wako Mumbere alipopiga simu. Alisema mtoto wake wa ubatizo hawezi kukosa masomo ya ufundi wa umeme na mashine yeye akiwa hai, na kwamba atauza lile shamba la kahawa la kule mlimani ili akulipie shule yote. Wewe ulicheza jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilisema asante mara nyingi, kisha nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado zinatiririka maji. Uliniuliza kwa nini, nikakuambia naona mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe.

Shamba lile si la Parrain wako, Kavira. Kwa karatasi ni lake. Kwa haki ni la Kasereka, yule aliyekuwa dereva wake, na lilimtoka kwa sababu yangu. Tena nilimnyang'anya kwa mdomo wako. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na univumilie nikizunguka kidogo, kwa maana mtu mwenye aibu hatembei moja kwa moja.

Ulikulia chini ya meza yangu ya Birere, kati ya vioo vya pembeni, vifuniko vya magurudumu na zile chapa za kubandika nyuma ya magari. Barabara zetu za mawe ya volkano hazimwachii mtu kitu. Gari likipita Katoyi mwaka mzima hubaki bila jina, na mwenye gari huja kwangu kununua jina jipya. Ulijua kusoma nambari za magari kabla ya kujua kusoma katekisimu. Papa yako alikuwa akikubeba mabegani pale kwenye parking, unasoma kwa sauti 1.8, 2.4, 3.0, na wapakizi wanacheka wanakupa ndizi.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba nambari zile si za kuaminiwa sana. Zamani, alisema, gari la Mjerumani likiandikwa 200 nyuma, ukifungua boneti unakuta moteri ya lita mbili, basi. Baadaye viwanda vikajifunza kusukuma hewa kwa turbo, moteri ndogo ikawa na nguvu ya ile kubwa. Wangefanya nini? Wangeandika nambari ndogo na mteja aone ameshushwa cheo? Wakaiacha nambari kubwa palepale. Siku hizi unakuta gari limeandikwa 300 na tumbo lake ni la lita mbili, na la 200 lina lita moja na nusu. Kuna hata moteri moja inayouzwa kwa nambari mbili, tofauti ni hesabu tu ndani ya kompyuta yake. Nambari imekuwa kama kiti kanisani: inaonyesha mwenye gari anakaa safu ya ngapi, haisemi ana nini mfukoni.

Papa yako alikuwa akicheka akieleza hayo. Mimi nilicheka pia, na nikafanya biashara. Alikuja mwanaume mwenye gari dogo akitaka chapa kubwa kwa ajili ya kwenda kuposa. Alikuja mama mmoja mwenye gari kubwa akitaka chapa ndogo ili watu wa kodi na wezi wasimtazame. Wote niliwahudumia. Niliona ni mapambo tu, kama wanja.

Basi papa yako akafa, ukiwa darasa la nne. Hilo unalijua, na sitaki kulichochea. Alituachia ile pikapu nyeupe aliyokuwa akibebea viazi kutoka Rutshuru. Nyuma yake ilikuwa imeandikwa 2.0, na ndivyo ilivyokuwa moteri yake kweli. Ilimtosha. Aliujua uzito wake, alikataa gunia la ziada hata mpakizi akimtukana.

Siku ya kumaliza kilio ilikuwa inakaribia na ndugu zake walikuwa wanakuja kutoka Butembo. Unawajua baba zako wakubwa na wadogo: kabla ya kuketi wanazunguka nyumba kuhesabu alichoacha marehemu. Kulikuwa na maneno kwamba Goma ilimla ndugu yao, kwamba alifanya kazi miaka yote hiyo akaacha mabati na mjane. Niliyasikia, yakaniuma. Sitakuambia tulikuwa na njaa. Hatukuwa na njaa. Nilikuwa na kiburi, na kiburi kilichofiwa ni kibaya kuliko kile cha kawaida.

Asubuhi moja nilichukua mafuta ya taa na kisu cha mkate, nikaing'oa ile 2.0. Pale ilipokuwa palibaki kivuli chake, rangi safi katikati ya rangi iliyochujuka, nikakisugua kwa dawa ya meno hadi kikafifia. Nikabandika 2.7 kutoka mezani kwangu. Pikapu za aina ile za 2.7 zipo, umbo ni moja, mtu wa kawaida hawezi kujua. Mashemeji walipofika wakaizunguka, wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilijisikia nimemvalisha marehemu suti.

Wewe ulirudi kutoka shule ukasimama nyuma ya pikapu na mfuko wako mgongoni. Nilikuwa namenya ndizi. Ukasema, "Mama, gari ya papa si ilikuwaka 2.0?"

Mashemeji walikuwa karibu. Nikakuambia, "Ulisoma mubaya. Ulikuwa ungali mutoto."

Ulinitazama. Kisha ukatazama tena ile chapa, muda mrefu, midomo ikisogea. Ukasema, "Ndiyo, mama," ukaingia ndani.

Ulisoma vizuri, Kavira. Ilikuwa 2.0. Macho yako hayakuwa na kosa lolote. Ninajua unavyofanya hadi leo: unasoma bei sokoni kisha unanigeukia, "Mama, nimeona vizuri?" Unasoma swali la mtihani mara tatu. Walimu wanaita uangalifu, wanakusifu. Mimi nikisikia sifa hizo hutafuta kazi ya kufanya, kwa kuwa najua siku ulipojifunza kutojiamini na najua mwalimu alikuwa nani.

Nilikusudia kuirudisha 2.0 wageni wakiondoka. Sikuirudisha. Kwanza nilichoka, kisha nikaizoea, kisha Mumbere akaja.

Alikuja kama ndugu, kama alivyo siku zote. Alisema mjane hahitaji pikapu, anahitaji mtaji, na yeye anahitaji gari la kupandisha bidhaa Butembo. Wakati ule njia ya Rutshuru ilikuwa bado inapitika. Hakufungua boneti. Alikuita wewe. Ulikuwa jikoni, ukatoka ukijifuta mikono, naye akakuinamia kwa utani wake: "Mutoto wangu, wewe ndiye fundi wa hii nyumba. Hii gari iko na moteri ya ngapi?" Wewe, uliyekwisha kufundishwa kwamba macho yako ya zamani yalikosea, ukasoma kilichoandikwa. "Iko 2.7, Parrain."

Akacheka, akasema mtoto wa ubatizo hamdanganyi baba yake. Nilikuwa nimesimama pale, na neno moja lingetosha. Nikasema, "Karibuni chai."

Kuhusu karatasi, akatengenezewa mpya kwa jina lake, na karani akaandika alichoambiwa. Ndivyo tulivyo. Chapa ikawa ukweli.

Sasa elewa desturi ya wapakizi wa njia ile, kwa maana hapo ndipo ubaya ulipopata miguu. Pale parking hawaulizi gari lina uwezo gani. Wanapita nyuma, wanasoma nambari, wanapakia. Ya 2.0 ina mzigo wake, ya 2.7 ina wake, na dereva akibisha anaitwa mvivu. Kasereka alikabidhiwa pikapu ya papa yako, na kuanzia siku ya kwanza alimwambia Mumbere kwamba gari halina nguvu ya mzigo ule. Mumbere akamwonyesha chapa. Kasereka akaendelea, pole pole, akisimama kila mahali kumwagia rejeta maji, hadi siku ilipopanda mlima wa Kabasha ikiwa imejaa sukari na sabuni, na moteri ikafia mlimani. Hakuna aliyeumia. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikaona hata shukrani yangu ina unafiki.

Fundi wa Butembo alipoifungua akasema, hii ni moteri ya 2.0.

Ungedhani hapo ningeumbuka. La. Sisi watu wa magari tuna ugonjwa wetu. Dereva mwizi, kila mtu anajua, humpeleka bosi wake kwa fundi wa porini, anauza moteri kubwa, anatia ndogo. Imeshatokea. Kwa hiyo walipokuta chapa ya 2.7 na tumbo la 2.0, hakuna aliyejiuliza kama chapa ndiyo ya uongo. Wakamgeukia Kasereka: umeipeleka wapi moteri yetu?

Walikuja Goma kumaliza maneno. Unakumbuka, ingawa najua ulijitahidi kusahau. Walikaa sebuleni hapa: Mumbere, wazee wawili wa familia, na Kasereka kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia magotini. Mumbere hakuwa mkali. Aliumia, maana alimpenda Kasereka, alimsimamia hata harusi. Akaniuliza kama gari lilikuwa zima alipolinunua. Nikasema lilikuwa zima. Kasereka akaniuliza, kwa adabu, kama marehemu aliwahi kupanda nalo Kabasha. Nikasema alipanda. Yote mawili ni kweli. Nilitafuta vipande vya ukweli kimoja kimoja, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe, nikafika ng'ambo bila kulowana.

Kisha mzee mmoja akasema, kuna mtoto aliyesoma ile gari siku ya kununua, aitwe.

Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kuinuka, hata kwa kuanguka. Nikaita jina lako.

Ulitoka jikoni. Wakakuuliza. Ukanitazama kwanza, Kavira, ukanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa kukupa moyo. Ukasema ilikuwa 2.7, umeisoma mwenyewe.

Kasereka aliigeuza kofia yake magotini. Halafu akasema, "Mutoto hawezi kusema uongo. Basi mimi sijui tena."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika. Alionekana kama mtu aliyeanza kujitilia shaka yeye mwenyewe. Familia yake ikatoa lile shamba la kahawa, la baba yake, kulipia moteri ambayo haikuwahi kuwepo. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa limekwisha kuoza katika parking zote, hakuna aliyempa usukani tena.

Nilimwona mara moja baada ya hapo. Alikuja Goma kutafuta kazi, akapita Birere kunisalimia. Hakuipata; siku hizi anaosha magari Butembo. Alinisalimia kama mke wa mtu aliyemheshimu. Akaniambia kwamba kwa muda mrefu alifikiri labda moteri ilibadilishwa usiku mmoja alipolala Rutshuru kwa rafiki yake fundi, na kwamba alimwambia rafiki yake hivyo, na hawasemezani tangu siku ile. Kisha akaniuliza, "Na mutoto? Angali anasomaka magari?"

Nikamjibu kwamba uliacha. Uliacha kweli, baada ya kikao kile, na mimi sikukuuliza kwa nini. Alipoondoka nilimpa kifuniko cha gurudumu, bure, nikisema kina mkwaruzo hakiuziki. Mtu asiye na gari. Alishukuru, akaondoka nacho kwapani. Nikiukumbuka mgongo wake wakati ule natamani ardhi ya Goma ipasuke inimeze, kama inavyotutisha kila siku.

Utaniuliza niliishije. Niliishi kwa hoja. Nilijiambia, hata viwanda vikubwa vya Ulaya vinaandika 300 juu ya lita mbili, na hakuna anayeviita waongo. Hoja hiyo nilikuwa nayo kila siku kama kitenge. Imenichukua miaka kukubali tofauti, nayo ni ndogo sana, hata mtoto angeiona: kiwanda kinaandika cheo nyuma, lakini ukimuuliza muuzaji wao moteri ni ya lita ngapi, anakuambia. Kitabu cha gari kinasema, karatasi inasema. Mimi niliulizwa. Uliulizwa wewe mbele yangu, nikakaribisha chai; nikaulizwa sebuleni kwangu, na watu walionipenda, nikajibu vipande.

Tena kuna jambo ambalo linaniaibisha kuliko mengine, na nimekawia kuliandika. Jumapili, Mumbere alipolitaja lile shamba, kabla ya haya kunijia, ilinijia furaha. Nilifurahi, Kavira. Kwa dakika nzima niliwaza: limekuwa lako mwishowe, limeingia nyumbani. Ndipo nikatoka kwenda kwenye nguo.

Wasemao kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, ila hawakusema kwamba mtu anaweza kukizoea akakifugia kabisa. Nisingekuandikia haya kama kungekuwa na njia ya wewe kwenda Butembo ukawa na amani. Haipo. Utalala nyumba ya Mumbere, utapita njiani karibu na mahali Kasereka anapooshea magari, naye atakuamkia kwa jina. Na kila karo itakayolipwa itakuwa ni kahawa ya baba yake. Siwezi kukuacha ujifunze moteri kwa moteri ile.

Kwa hiyo nimemlipa dereva wa kesho viti viwili. Nakuja nawe. Nimemwomba mama Furaha wa meza ya jirani aniangalizie biashara, na kama itabidi niiuze yote, chapa na vioo na meza yenyewe, tayari nimemwambia yeye awe wa kwanza kuulizwa.

Tukifika, sitaenda kwanza kwa Mumbere. Nitakwenda kwa Kasereka, maana ndiye aliyekaa karibu na mlango. Kisha nitamwomba Mumbere awaite wazee walewale. Sijui watasema nini. Yawezekana Mumbere akarudisha shamba na akakulea vilevile. Ni mtu wa moyo mpana. Yawezekana akatufungia mlango sote wawili, ukarudi Goma na begi lako bila kulifungua, mwaka wa masomo ukapita kwa kosa ambalo hukulitenda. Nimelipima hilo jioni yote. Mzani umekataa kunipendelea. Nakuomba radhi kwa hilo hasa, kwa sababu la zamani nilikufanyia ukiwa mdogo bila wewe kujua, na hili nakufanyia ukiwa mkubwa na macho wazi.

Nitakupa barua hii asubuhi kabla ya kupanda. Nimeiandika pia kwa sababu najijua. Mara mbili niliwahi kufunga safari hii, nikageuka kwa visingizio. Ukishasoma wewe, sitakuwa na pa kugeukia. Ukitaka kukaa kiti cha mbali nami njia nzima, kaa. Ukitaka kunyamaza hadi mpaka wa Kasindi, nyamaza, sitakuuliza kama umekula.

Neno moja tu nakuahidi. Wazee wakishaketi, huenda mmoja wao akakumbuka, akasema kuna yule mtoto aliyesoma, aitwe. Ukisikia hivyo, kaa palepale ulipo. Safari hii mama yako ndiye atakayesimama kujibu.

Mama yako, mwenye haya,
Mama Kavira
Katoyi, Goma